Mchi wa Mama Chini ya Madigadi

Juzi hapa Kitengela gari moja lililoshushwa karibu na ardhi lilipita kwenye tuta. Tairi zikakwaruza madigadi, na harufu ya mpira ulioungua ikanirudisha uani kwetu.

Kaka yangu Muthama alikuwa ameshusha gari lake, na kila watu walipokaa nyuma, tairi zilisugua bati. Alasiri moja, nikiwa mdogo, aliazima mchi wa Mama wa kutwanga mahindi ya muthokoi. Alimwagia madigadi maji moto ili rangi isipasuke, kisha akauchomeka mchi kati ya tairi na bati, ili gari likisogea uviringike na kukunja ukingo wa bati. Baba akashika usukani.

"Mama, panda nyuma na mtoto," Muthama alisema. "Nataka gari ishuke."

Nilikimbilia viatu vyangu vya kanisa. Nilidhani tunaenda Machakos kwa nyanya.

Gari lilisogea kidogo, likarudi, likasogea tena, mchi ukilalamika chini yetu.

"Tumefika?" niliuliza.

Mama alitazama viatu vyangu, akanivuta karibu. "Bado kidogo."

Sasa wazazi wamelala kaburini Machakos, na Muthama yuko ng'ambo. Gari langu nalo halikwaruzi popote. Hakuna anayekaa nyuma.