Saa Iliyofuturisha Watu Mapema

Massoudi, fundi saa wa Buyenzi, Bujumbura, hakuwa mtu wa kumuuliza saa ngapi kama una haraka. Ukimuuliza, anakuanzishia Misri. Anakwambia watu wa kale walipima mchana kwa kivuli cha nguzo, na usiku, kivuli kikiwakimbia, wakatoboa chungu wakatazama maji yanavyodondoka. Anakupeleka kwa Waislamu wa zamani, ambao misikiti yao mikubwa ilikuwa na mtu wa kazi hiyo moja tu, kutunza nyakati za sala, mtu mwenye heshima zake. Hapo ananyamaza na kukukazia macho, uelewe anamsema nani. Kisha minara ya Ulaya, kisha Mholanzi aliyeitia saa balansiye, ile sahani ya shaba inayoyumba huku na huku, mpaka Wajapani na jiwe lao la betri, ambalo alilitaja kwa mdomo uliopinda.

Na alikuwa na haki ya kujidai. Msikiti wa kartiye, mtaa wao, ulikuwa na saa ya mbao ukutani, ndefu kama mlango wa kabati, ya kujazwa kwa ufunguo. Kila Ijumaa, kabla watu hawajajaa, Massoudi alipanda juu ya kiti, akaijaza, akailinganisha na redio, akashuka taratibu ili waliokwisha kufika wamwone vizuri. Alipenda kuonwa, na nani asiyependa?

Pembeni yake mezani alikaa Tajudini. Huyu alipofika Buyenzi hakujua hata kufungua kifuniko cha saa. Massoudi ndiye aliyemfundisha kushika kibano, kupuliza vumbi bila kutia mate, na ile tabia yake iliyowachekesha mafundi wengine wa mji. Kila nati aliyoikaza aliidondoshea verni, rangi nyekundu ya kucha, ya mkewe Mwantum, isije ikalegea. Wengine walitia gundi, wengine hawakutia kitu. Tajudini peke yake ndiye aliyeishika tabia hiyo, na akaishika kama sala. Walishirikiana meza, kibano, na kichupa cha verni. Na kwa kuwa Tajudini hakuwa na mke, kila Ramadhani alifuturu kwa Massoudi, na Mwantum alimwekea sahani bila kuuliza kama anakuja.

Mwaka huu komite ya msikiti ikaanza maneno. Mwenyekiti, Moubarak, alitaka saa ya umeme yenye namba nyekundu, inayoonyesha sala zote tano na kulia yenyewe. Massoudi alisimama mbele yao, mtu mzima, akaomba.

"Muache Ramadhani ipite. Ikikosea hata siku moja, mi mwenyewe nitaishusha."

Wakamkubalia. Alitoka pale moyo umemjaa hofu, maana saa ile ikishuka, yeye anabaki mzee wa kubadilisha betri, basi. Alirudi msikitini, akairekebisha nati iliyo chini ya balansiye, ambayo ukiipandisha saa inakimbia na ukiishusha inachelewa. Aliipatia mpaka ikalingana na redio. Hakuitia verni mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa bado imeshika, imekauka mpaka imekuwa nyeusi, na nati haikuhitaji kuzunguka sana.

Ramadhani ikaingia, saa ikaenda vizuri, hata wabishi wakanyamaza. Ndipo maji ya mafuriko yakaingia nyumbani kwa dada yake Khadidja kule Gatumba, akapiga simu analia. Massoudi akasitasita.

"Nenda, kaka," Tajudini alimwambia. "Saa niachie mi. Kwani mi ni mugeni hapa?"

Akaenda. Siku kadhaa alikuwa huko, akibeba magodoro na kukausha nguo za watoto juu ya paa, mpaka simu iliyompasua kichwa ilipoingia. Mwadhini alikuwa ametazama saa ya ukutani kama siku zote, akaadhini, watu wakala tende na kunywa maji. Kisha mmoja akatazama simu yake, mwingine akatazama yake, na msikiti wa upande wa pili ukaadhini wao tende zimekwisha kumezwa. Jua lilikuwa halijazama. Kartiye nzima ilikuwa imekula mchana, na siku ile sasa ni deni la saumu kwa kila mtu.

Aliporudi, salamu zake zilijibiwa nusu nusu. Bibi mmoja aliyemjua tangu utotoni alimsimamisha barabarani. "Massoudi, na uzee wangu huu, umenilisha mchana!" Moubarak hakumgombeza, alimkumbusha tu ahadi yake. Saa mpya ilikuwa tayari imefika, iko ndani ya kartoni.

Tajudini ndiye aliyemfariji. "Imezeeka, kaka. Mi sikuigusa hata kwa kidole." Na Massoudi, masikini, alimwamini. Usiku akamwomba Mungu msamaha kwa kiburi chake.

Kesho yake baada ya sala ya alasiri alipanda kiti kuishusha saa. Ili kuichomoa balansiye ilibidi ashike nati, na vidole vyake vikahisi kitu laini. Akainama. Nati ilikuwa imepandishwa, imepandishwa sana, na juu yake kulikuwa na tone la verni, jipya, jekundu, linang'aa, limewekwa mahali pake kwa unadhifu wote. Mkorofi angezungusha nati akakimbia zake. Nani mwingine Bujumbura nzima angeharibu saa ya watu kisha aifunge kwa verni?

Aliteremka, akamgeukia Tajudini aliyekuwa amekuja kusaidia.

"Ni we."

"Mi nini?"

"Umeipandisha nati, ukaipaka verni. Nani mwingine anapaka?"

Moubarak, aliyekuwa akisubiri kutundika ile mpya, alisogea. Tajudini akainua kidole juu. "Wallahi sikuigusa." Mdomo wa saumu ule, ndani ya msikiti, jamani!

"Fundi," Moubarak alisema kwa upole, "usitafute mutu wa kumutupia. Tumesamehe."

Massoudi angewaeleza nini, habari za verni ya kucha? Wangemcheka. Wakampa saa yake aende nayo nyumbani, na kwa kuwa ilikuwa nzito na hakuna aliyejitolea, Tajudini ndiye aliyeshika upande wa pili.

Walitembea avenyi yote, saa katikati yao, watu wanawatazama. Walipokaribia nyumbani Tajudini akasema, sauti iko chini:

"Moubarak aliniambia ile mupya nitaichunga mi."

Massoudi aliinua saa upande wake, akaendelea kutembea.

"Miaka yote ile, kaka. Mutu akipita mezani, 'Fundi Massoudi, Fundi Massoudi.' Mi niko pale pale, hakuna anayenijua jina. Nilizani mwadhini ataangalia simu. Sikutaka watu wale mchana. Nilitaka tu ionekane imekosea."

"Na kiapo?"

Tajudini akatazama mbele, akaongeza mwendo.

Massoudi alitaka kumpiga. Alitaka pia kukaa chini palepale barabarani alie, kwa sababu kama Tajudini angemwambia mapema, siku moja tu, kaka, niachie leo nipande mi nijaze saa, angempa ule ufunguo kwa mikono miwili. Hilo ndilo lililomuuma kuliko saa yenyewe.

Wakaiingiza ndani, wakaiegemeza ukutani. Harufu ya uji na sambusa ilikuwa imejaa nyumba. Mwantum, asiyejua kitu, alipiga kelele kutoka jikoni:

"Tajudini, shemeji, kaa, adhana inakaribia!"

"Apana," Massoudi akasema. "Anaenda."

Alimtoa mpaka mlangoni. Adhana ikaanza kutoka msikitini, kwa wakati wake, na Tajudini amesimama nje mikono mitupu. Massoudi akarudi ndani, akachukua tende moja, akamwekea kiganjani.

"Fungua saumu yako. Hii nimekupa kwa ajili ya Mungu," akamwambia. "Mi sina kingine cha kukupa."

Akafunga mlango.