Wizara Tatu kwenye Mkeka Mmoja

Nei Kaewa alikuwa mtu wa serikali, na kazi yake hata mumewe hakuielewa: kuzifanya wizara zisemezane kuhusu mazingira. Mchezo huo? Pale kisiwani Nonouti, watu wa uvuvi walikuja wakasema kaa wa mikokoni wasiguswe. Wa ardhi wakasema pandeni mikoko zaidi. Halafu wa barabara wakaleta katapila kuing'oa mikoko hiyohiyo, maana tuta la barabara lilichorwa kupita hapo! Ebu niambie, mwanakijiji amsikilize nani?

Wanawake walioipanda walikuwa wamechoka. Maneaba, nyumba yao ya mkutano, waliifungua kwa heshima ya Kaewa, mara hii tu. Wizara zisipoafikiana humo, kesho yake katapila linaingia mikokoni.

Maafisa watatu wa wizara hizo walifika na mashati yaliyonyooshwa, wakaelekea upande wa wageni. Kaewa akawawahi. Aliwajua hawa, wakikaa pale watasomeana hotuba mpaka jioni.

"Nani kawaambia nyie wageni?" aliuliza. "Ioteba, bibi yako si wa hapa? Nguzo ya ukoo wenu ile pale. Kakae na watu wako."

"Dada, mimi nimekuja kikazi," alinong'ona Ioteba, mhandisi wa barabara.

"Kazi haina ukoo. Wewe unao. Nenda!"

Watu wakaangua kicheko. Ioteba akainama, akapita mbele ya watu kwa adabu. Wenzake nao wakatafutiwa nguzo za kwao, maana humo kila ukoo hukaa kwenye nguzo yake. Mtu wa visiwa hivi hakosi pa kukaa.

Bibi Teangatoa, ajuza wa ukoo ule, alimfinya Ioteba paja. "Lile dude la kung'oa mikoko yangu ni lako, mjukuu?"

"La serikali, bibi."

"Na serikali ndiyo wewe. Usinizungushe."

Basi, alikwisha. Kwenye maneaba huinuki ukawapinga watu wa nguzo yako. Mnasemezana kwanza, kisha mzee wenu anawasemea wote. Ioteba akachora mkekani kwa kidole, akabishana, akafuta, akachora tena. Tuta lingeweza kupita nyuma ya mikoko, alikiri, ila huko ni kwenye viwanja vya watu. Mtu wa ardhi akaitwa. Wa uvuvi akaja mwenyewe, mbio. Mwaka mzima Kaewa aliwabembeleza wakutane mjini, wakawa na udhuru. Leo wamebanana vichwa kwenye mkeka wa ajuza!

"Chukueni ukingo wa kiwanja changu," alisema Bibi Teangatoa. "Mikoko ikitoka, bahari itauchukua bure."

Mzee msemaji wa ukoo akatamka: tuta lipite nyuma. Nguzo kwa nguzo wakakubali.

Ikabaki serikali kushukuru. Kaewa aliinuka, machozi yakimtoka.

"We mtoto, unalia nini?" aliuliza bibi.

"Najivuna, bibi. Wizara tatu, mkeka mmoja! Niacheni nijivune kidogo."

Asubuhi katapila liliwashwa, na wanawake wote wakatoka kutazama. Likapita kando ya mikoko, likapinda kuelekea viwanjani, Ioteba akitangulia kwa miguu kumwonyesha dereva njia.