Mguu wa Mama Mkwe kwenye Breki

Gari langu lilianza kulia siku tuliyokwenda Runzewe kumchukua mama mkwe, na aliyelisikia ni yeye, si mimi. Mimi nilikuwa nimezizoea kelele zake. Ni pikapu ya zamani ninayobebea viti vya plastiki na maturubai ya kukodisha, leo harusini, kesho msibani, na gari la kazi hiyo likinyamaza ndipo mwenyewe anaanza kuogopa.

Tulikaa watatu mbele: mimi kwenye usukani, mke wangu katikati, mama yake dirishani. Mke wangu ndiye aliyekuwa ukuta. Kwetu Usukumani mwanaume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawali chombo kimoja, hawatazamani usoni. Akiwa na neno la kuniambia humwambia mtu mwingine huku nasikia, nami hujibu kwa njia hiyohiyo. Wageni hudhani tumegombana. Sisi tunaona ndiyo heshima yenyewe.

"Mwanangu," alisema nilipopunguza mwendo kwenye tuta, "muulize mumeo gari lake linalilia nini. Linalia huku kwangu, mguu wa mbele."

"Mwambie mama ni vumbi," nilijibu.

Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jua na kivuli alivitofautisha, mtu na mti ilibidi akisie. Tulikuwa tunampeleka hospitali ya Kolandoto kufanyiwa upasuaji, na hiyo ilikuwa safari ya tatu. Ya kwanza alikutana na jeneza barabarani akageuza. Ya pili mjukuu aliamka na homa, akasema Mungu hataki. Ni Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, lakini ishara za njiani hakuziacha. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa kisu, na mtu anayeogopa haoni shida kupata ishara. Mke wangu alinionya usiku tulipofika nyumbani Kambarage: "Akipata sababu moja tu, anarudi kwake. Na safari hii akirudi, basi, ndiyo hatatuona tena."

Miadi ilikuwa Jumatatu asubuhi. Jumapili nikatoa gari uani ili nilijaribu, na hata mimi nikasikia. Lilikuwa linalia kwelikweli, sauti nyembamba kila nikigusa breki. Nikajua mama amesikia pia, maana dirisha la chumba chake lilikuwa wazi na rozari ilikuwa imenyamaza.

Ningeweza kukodi bajaji kesho yake. Lakini gari la nyumbani likigoma asubuhi ya safari, hiyo si ishara, hilo ni tangazo. Fundi wangu alikuwa ameacha gereji na kukimbilia machimboni Geita, aliposikia kuna duara limetema, yaani shimo limetoa dhahabu. Mafundi wengine hawakuwepo, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na mechi kubwa na mtaa mzima wa wanaume ulikuwa kwenye banda la mpira. Kumtoa mwanaume kwenye mechi ile ni kama kumtoa ng'ombe kwenye lambo mwezi wa tisa. Mke wangu naye alikuwa amekwenda na jumuiya kumwona mzazi. Tulibaki mama mkwe chumbani, mimi uani, na mbuzi mmoja amefungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo.

Nikasema nitabadilisha pedi za breki mwenyewe. Sikuwahi kufungua breki maishani mwangu, ila nimezaliwa na ugonjwa wa kutaka kujua kilichomo ndani. Nilipokuwa mdogo nilifungua redio ya baba nimtafute anayesema, na viboko vya siku ile havikuniponya. Nilikwenda duka la vipuri nikanunua pedi za mbele na chupa ya mafuta ya breki, nikafungua video kwenye simu. Jamaa wa kwenye video alisema lugha nisiyoijua hata neno moja, nikawa nafuata mikono yake tu.

Nikaweka mawe nyuma ya matairi, nikalegeza nati, nikapiga jeki, nikatoa gurudumu la kushoto. Nilichokiona nilikipenda papo hapo. Diski ya chuma inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na juu yake kile chuma kizito kinachozibana pedi, mafundi wanakiita kalipa. Kwa hiyo siku zote nilipokanyaga, kule chini kulikuwa na viganja viwili vinapiga kofi moja na kushikilia! Nilicheka peke yangu. Nimeendesha miaka yote hiyo bila kumjua anayenisimamisha.

Pedi ilikuwa imeisha, imebaki kama ganda la muhogo. Pembeni yake palikuwa na kibati kidogo kimepinda, kinagusa diski. Nilikitazama sana, nikaizungusha diski kwa mkono, kikalia. Kumbe kilio kile hakikuwa ubovu. Kuna mtu, sijui wa nchi gani, alikaa akafikiri: huyu dereva hataangalia, basi nimwekee kitu kimlilie. Na kikalia, na mimi nikasema ni vumbi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Yule wa kwenye video alifungua bolti mbili za nyuma, akainua kalipa, akaiacha ining'inie. Mimi nikataka kuitoa kabisa niiweke mezani niione vizuri, nikafungua na bolti ya tatu, ile inayoshika mpira wa mafuta. Mafuta yakaanza kunitiririkia mkononi hadi kwenye kiwiko.

Niliirudisha kwa haraka nikaikaza, nikaweka pedi mpya, nikaenda upande wa kulia na kule nikafanya kwa adabu zote, bolti mbili tu. Nikajaza mafuta kwenye kikopo chake chini ya boneti. Kisha nikapanda kukanyaga. Mguu ulizama hadi sakafuni bila kukutana na kitu.

Fundi nilimpata kwa simu baada ya kujaribu sana. Mtandao wa kule shimoni unakuja na kuondoka. Nilipomweleza alipiga kelele, "Mpira wa mafuta huo haufunguliwi, bosi! Umeingiza upepo!" Kisha akanielekeza. Mtu mmoja akae kwenye gari akanyage na kushikilia. Mwingine awe chini kwenye gurudumu, afungue kinati kidogo cha kutolea upepo, mafuta yaruke na mapovu yake, akifunge, ndipo wa juu aachie. Akiachia kabla hakijafungwa, upepo unarudi wote. "Peke yako huwezi," akasema. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Nani yupo hapo?"

"Mama mkwe."

Nilidhani mtandao umeondoka. Kumbe alikuwa amebanwa na kicheko. "Basi kaka, mficha uchi hazai," akasema, na mtandao ukaondoka kweli.

Nilikaa chini nikiegemea tairi, mafuta yananikaukia mkononi. Nilikasirika, na wa kumkasirikia nilikuwa mimi mwenyewe. Dirisha la chumba lilikuwa palepale wazi. Baada ya muda sauti ikatoka.

"We mbuzi," ilisema sauti, "muulize mkwe wangu gari limekufa?"

Nilimtazama mbuzi. Mbuzi alinitazama.

"Mbuzi," nikajibu, "mwambie mama halijafa. Linahitaji mtu wa kukanyaga."

"Mbuzi, muulize kukanyaga ni kazi ya macho?"

Nilijua anachouliza na nilijua ninachopaswa kujibu, na vyote viwili vilinitisha. Mkwe wangu apande gari langu, akae kwenye kiti changu, nimlalie chini ya miguu nikimwambia la kufanya! Lakini nilifikiria pia kesho asubuhi, bajaji mlangoni na yeye akifunga mzigo wake kurudi Runzewe.

"Mwambie si kazi ya macho. Ni kazi ya mguu tu."

Niliinua boneti ili iwe ukuta, nikaingia chini kando ya gurudumu nikalala. Nilisikia mlango wa nyumba, kisha nikaiona miguu yake ikija polepole uani, ikipapasa ardhi kabla ya kuiamini. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitazama. Ilikuwa miguu mipana ya mkulima wa mpunga, visigino vimepasuka kama jaruba lililokauka. Aligusa bodi, akatafuta mlango, akavua kandambili na kuziacha chini kana kwamba anaingia nyumba ya mtu. Nilimwambia mbuzi kwamba ni pedeli ya katikati.

"Imezama," alisema kutoka juu. "Ni kama kutia mguu kwenye jaruba wakati wa kupanda."

Nikaanza. "Mbuzi, mwambie mama naomba akanyage taratibu, tafadhali, halafu akiweza ashikilie." Alikanyaga akashikilia. Nikafungua kinati, mafuta yakaruka na mapovu. Nilifurahi mno. "Wabeja, mama!" nikasema, asante ya Kisukuma, na mguu ukainuka kabla sijafunga. Upepo wote ukarudi ndani.

Tulirudia. Ikawa vilevile. Mara ya tatu nikaelewa. Kwetu, mtu akishukuriwa kazini, maana yake aweke jembe chini. Mimi nilikuwa namshukuru mama mkwe wangu katikati ya kazi, na yeye, mtu aliyelelewa vizuri, alikuwa anaweka jembe chini. Nikajitahidi kunyamaza. Sikuweza. Ulimi ulizoea miaka mingi. Kila akishikilia, shukrani inanitoka yenyewe, na kila ikitoka, upepo unaingia. Kutoka banda la mpira ikaja kelele ya goli, nikaona hata wao wananizomea.

Kisha mama alizungumza, na safari hii hakumtaja mbuzi.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Unapolima na ng'ombe, unamwambia naomba?"

"Hapana, mama."

"Unamwambia asante kabla mtaro haujaisha?"

"Hapana, mama."

"Basi niamuru kama ng'ombe wa jembe. Heshima tutaikuta huko mbele, nataka kuona."

Alikuwa amesema anataka kuona. Hakuwahi kulisema hilo, hata kwa binti yake.

"Kanyaga!" nikapaza sauti.

"Nimekanyaga!"

"Shika!"

"Nimeshika!"

Fungua, mapovu, funga. "Achia!"

"Nimeachia!"

Tukaingia kazini. Kanyaga, shika, achia. Nilitoka mara moja moja kuongeza mafuta nyuma ya ukuta wa boneti, nikarudi chini. Yeye akawa ananipa habari za huko juu ambazo mimi nisingezijua. "Sasa ni tope zito." "Sasa ni ardhi ya kwanza ya mvua." Mapovu yakapungua, yakawa moja moja, kisha mafuta yakaja safi. Nikakaza kinati kwa nguvu zangu zote.

"Kanyaga!"

Alikanyaga. Akakanyaga tena, bila kuamriwa.

"Kiangazi," alisema. "Nimekanyaga kiangazi kitupu. Jembe haliingii."

Ndipo nikasema wabeja, na hakuna kilichoharibika. Alishuka, akapapasa kandambili zake, akarudi ndani, na niliposikia mlango umefungwa ndipo nikatoka chini, nikarudisha magurudumu. Jioni mke wangu aliporudi alikuta gari linazunguka mtaani kimyakimya, nami nasimama kila penye jiwe. Akaniuliza nimesaidiwa na nani. Nikamwambia akamuulize mbuzi.

Jumatatu tulikaa kama kawaida, mke wangu katikati. Mama hakutafuta ishara yoyote njiani; alinyamaza tu, kichwa kimeinama upande wa gurudumu lake. Kabla ya kufika Kolandoto kundi la ng'ombe likakatisha barabara ghafla. Nilikanyaga, na kwa jicho la pembeni nikaona mguu wake mpana nao unakandamiza sakafu. Gari likasimama bila kulia. Ng'ombe wakapita. Nilingoja, naye akaungoja mguu wangu, tukaachia pamoja.

Upasuaji ulikwenda salama. Aliporudi Kambarage akiwa ameondolewa bandeji, nilikuwa uani nafuta viti vya kukodisha. Nilifanya inavyopasa: nikachuchumaa kwa mbali, nikainamisha kichwa, nikaangalia udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuondoka. Niliona miguu yake imesimama, haipapasi tena. Alichelewa pale kuliko desturi inavyoruhusu, na mimi sikuthubutu kuinua uso. Mara ya mwisho aliponiona vizuri nilikuwa kijana wa kutoa mahari.

"We mbuzi," alisema taratibu. "Miaka yote hii hukuniambia kama mkwe wangu ameota mvi."