Barafu ya Obadia

Obadia wa Majengo aliijua barafu kuliko alivyozijua sala zake. Tangu ujana alileta migebuka Mpanda mjini kutoka Karema, kule ziwani, na wenzake sokoni walimtania kwamba samaki wake hufika wakiwa bado hawajajua kama wamekufa.

Binti yake Lidia alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Maumivu yalipomshika, nyumba nzima ilikesha. Basi mkewe Restituta aliposhika mimba nyingine, daktari akawaambia kwamba damu ya kitovu cha mtoto huyo ina chembe mama, zile zinazozaa damu mpya. Ikilingana na ya Lidia, itagandishwa Dar es Salaam na kutunzwa mpaka siku ya kumtibu. Obadia alilia mbele za watu bila haya.

Alizaliwa mtoto wa kiume. Nesi akamkabidhi Obadia kisanduku chenye mfuko wa damu akipeleke uwanja wa ndege.

"Baba Lidia, usikifungue. Ubaridi huu unatosha."

Unatosha! Jua lilikuwa linachoma, na ndege ilikuwa imechelewa. Mtu aliyezoea njia ya Karema angeuaminije ubaridi kiduchu kama ule? Alipitia kwenye friza lake sokoni, akaufukia mfuko ule katika barafu iliyotiwa chumvi, ile inayokaza samaki mpaka wagongane kama kuni. Ulipoganda, akaurudisha kisandukuni, akaenda uwanjani roho kwatu.

Kesho yake Prisila, mtaalamu wa maabara, alimpigia simu kutoka Dar.

"Mzee wangu, mfuko umefika umeganda. Huku hatugandishi hivihivi. Kwanza tunaweka dawa ya kuzilinda chembe, na siku hizi ipo isiyoziumiza kama ile ya zamani. Halafu tunashusha baridi polepole. Zikiganda bila dawa, maji yaliyomo yanakuwa barafu, yanazipasua. Hizi zimekufa, baba. Pole sana."

Samaki hugandishwa akiwa amekwisha kufa. Obadia hakuwahi kuliwaza hilo, na sasa lilimkata maini.

Alimweleza Restituta yote. Mama wa watu alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akasema, "Mtoto tusimwambie. Tumwambie damu haikulingana, basi."

Wakamwambia hivyo. Lidia hakulia. Jioni Obadia alimkuta amempakata mdogo wake aliyekuwa akilia, anambembeleza.

"Nyamaza, bwana mdogo. Damu yako kutolingana na yangu si kosa lako. Wala sijakukasirikia."