Yatima wa Chaza

Katika sebule ya nyumba moja ya wageni huko Kimemi, mjini Butembo, kuna bahari. Si picha ya bahari. Ni maji ya chumvi kabisa, ndani ya kioo kirefu kama kitanda, pamoja na matumbawe, konokono, na samaki wawili wenye mistari ambao hawapatani hata siku moja. Éliakim, mwenye nyumba, ni mfanyabiashara wa vitenge. Aliona kitu cha namna hiyo katika hoteli fulani Dubai, akarudi na homa ya kukitaka. Anayekitunza ni Kasika, mjane wa miaka hamsini na minane, ambaye hajakanyaga pwani yoyote na wala hana mpango huo.

Zamani Kasika alilima kabichi kwenye vilima vya Lubero, na konokono aliwajua kama maadui tu. Kule unawamwagia chumvi, wanakwisha. Kwa hiyo siku yake ya kwanza kazini, alipowaona wakitambaa juu ya kioo, alikwenda jikoni akarudi na chumvi mkono mzima. Léa, mwanamke wa mapokezi, alimwahi, akamweleza kwamba hawa wamezaliwa ndani ya chumvi na wanaishi humo, na tena ndio wanaofagia ukijani wa kioo. Kasika alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo aliwahesabu kuwa wafagiaji wenzake.

Lakini moyo wake ulikuwa kwa chaza wawili, mkubwa na mdogo, waliokaa juu ya jiwe wakiwa wamefungua magamba yao. Midomo yao ilikuwa ya buluu yenye madoa, na hakuna kitenge cha Éliakim kilichoifikia. Kivuli kikipita walijifunga kwa haya. Kasika akitulia walijifungua tena. Aliwaita dada wawili, na kila asubuhi aliwasalimia kabla hajamsalimia binadamu yeyote.

Asubuhi moja dada mkubwa alikuwa wazi, na hakujifunga tena. Kasika alilia, na sioni aibu kusema hivyo, ingawa Léa alimwambia ni chaza tu. Alipokuwa akiondoa magamba aliona jambo lililompa faraja kidogo: kwenye ukingo wa magamba walining'inia watoto kumi na mmoja, weupe, wadogo kama punje za mchele. Basi akafanya kile ambacho ukoo wowote wa Butembo ungefanya mama akifa. Aliwakusanya kwa kijiko, mmoja mmoja, akawapeleka kwa mama yao mdogo. Dada mdogo aliwapokea bila neno. Kasika akamwagiza Léa kwamba mtu yeyote asiguse jiwe lile, kwa kuwa kuna yatima.

Éliakim hakuwa na habari za yatima. Aliita watu sebuleni akasema mmoja wa konokono wale ni mla nyama, na chaza wa pili akifa, atauza kioo na maji yake na kuweka televisheni. Kasika angerudi kufua mashuka. Mashuka hayakumtisha. Kilichomtisha ni kufika asubuhi na kukosa wa kumsalimia.

Ikabidi muuaji atafutwe. Léa alisoma kwenye simu kwamba konokono mwenye mfereji kwenye mdomo wa gamba, wa kupitishia mrija wa kunusia, mara nyingi ni mla nyama. Wafagiaji wa kioo walikuwa na midomo ya duara, wakaachiliwa. Konokono wengine watano, waliokaa mchangani, walikuwa na mfereji, tena na mrija mrefu wenye kiburi. Kasika hakupenda kumhukumu mtu kwa sura, kwa hiyo aliwaandalia meza ndani ya beseni: mwani upande huu, kipande cha samaki mfu upande ule. Kwa kina Kasika, mgeni anayeruka mboga na kwenda moja kwa moja kwenye nyama husemwa mpaka mtaa wa tatu. Wale watano waliruka mwani kana kwamba haupo. Hukumu ikapita palepale, wakafungwa ndani ya ndoo ya maji ya chumvi jikoni.

Siku nne baadaye dada mdogo alikuwa na hali mbaya zaidi. Midomo ilisinyaa, na kivuli kilipopita alichelewa kujifunga. Éliakim akapima ukuta kwa ajili ya televisheni. Léa akasoma tena, safari hii mpaka mwisho wa ukurasa, akakuta kwamba wale wa mchangani hula mizoga tu, chaza mzima hawamgusi. Ndoo ilikuwa imefunga wasio na kosa.

Kesho yake Kasika alifika alfajiri, taa ya kioo ikiwa bado imezimwa, akamulika kwa simu ili amuage dada yake. Yatima walikuwa wameamka. Walikuwa zaidi ya ishirini sasa, wamenona, na kila mmoja alikuwa ametoa mrija mwembamba kama uzi na kuuchomeka kwenye nyama ya chaza. Hawakuwa watoto wa chaza hata kidogo: walikuwa konokono wadogo, wanyonyaji. Ni yeye aliyewaleta, kwa kijiko, kwa upole.

Hakungoja mtu. Alimtoa dada mdogo, akamlaza kwenye beseni la maji yaleyale ya chumvi, akamsugua magamba kwa mswaki mpya pande zote, mpaka chini, ambako alikuta na mayai yao. Akarudia kila asubuhi. Wale watano wa ndoo aliwarudisha mchangani, akawaomba msamaha kwa sauti, Léa akisikia.

Jumapili, baada ya ibada, dada mdogo alifungua midomo yake yote ya buluu. Éliakim akaja na futi yake ya kupimia, akaona, akaiweka mfukoni. Kisha akaelezwa habari yote, akacheka mpaka akafuta macho.

“Mama Kasika, bale batu banamunyonya mpaka anataka kufa, na weye unabaangalia kila siku. Haukuona?”

“Niliona, patron,” Kasika akajibu. “Nilibeba mimba saba. Nilikuwa nawaza ni batoto bananyonya tu.”

Éliakim aliendelea kucheka peke yake kidogo. Halafu akatoka uani na simu mkononi. Mama yake anakaa Beni, komini ya Ruwenzori, na hakuwa amempigia tangu Pasaka.