Bogusława, Fundi Aliyelifukua Joto Chini ya Rangi

Saa mbili asubuhi, Alhamisi, mjini Białystok. Bogusława Zarzycka amepiga magoti sebuleni, ghorofa ya nne, mbele ya rejeta ya chuma iliyo chini ya dirisha, chombo cha kupashia nyumba joto kwa maji ya moto. Anaipapasa kwa kiganja, taratibu, kutoka juu hadi chini. Mji ulifungulia maji ya moto tangu Jumatatu, lakini chuma hiki ni baridi tupu.

"Ikiwa moto juu na baridi chini, ni tope," anasema. "Ikiwa moto chini na baridi juu, ni hewa. Hii baridi kotekote! Hii inanidharau."

Bogusława, mwenye miaka 57, ni fundi bomba wa chama cha nyumba kwa mwaka wa 26 sasa, na ndiye fundi mwanamke pekee hapo. Mshahara wake ni zloti 4,300 kwa mwezi. Amebakiza miaka mitatu astaafu, na huenda asiifikishe.

Nyumba nne zilizopandana juu ya bomba hili zimekosa joto kwa misimu mitatu ya baridi. Kamati ya chama imechoka. Kesho wanachama watapiga kura: rejeta zote za chuma zing'olewe, kampuni ya nje ipewe kazi, na Bogusława afungashe virago. Leo ndiyo siku yake ya mwisho ya kujitetea.

Tangu Agosti amezibandua rejeta za nyumba tatu za chini, akazibeba hadi kwenye mabafu na kuzisukumia maji kwa mpira. Lilitoka tope jeusi kama lami. Alirudia mpaka maji yakatoka meupe.

Ikabaki nyumba hii ya juu. Mwenyewe, Bibi Leokadia Pietruszko, miaka 78, alikuwa akimfungia mlango hadi leo.

"Rejeta yangu ni safi kuliko sahani zako," anamkumbusha hata sasa, huku akimwekea chai ya limau na keki ya tufaha.

Hasemi uongo. Kila Januari, kabla kasisi hajapita kubariki nyumba, bibi huyu huipaka rejeta rangi nyeupe, maana mgeni huyo huketishwa dirishani. Ameipaka mara thelathini na moja, na inang'aa kama jino.

Sauti inapanda kwenye ngazi. Ni Witold Sawicki wa nyumba ya chini kabisa.

"Bi Bogusława! Huko juu mnatengeneza joto au mnakula keki? Mwenzenu nimevaa soksi tatu!"

"Ongeza ya nne, Bwana Witold!" Bibi Leokadia anamjibu. "Mdomo wako tu ungetosha kupasha jengo zima!"

Bogusława hacheki. Kidole chake kimesimama kwenye ncha ya juu ya rejeta, penye kinundu kidogo. Anakipulizia hewa ya moto kwa mashine ndogo, rangi inalainika, anaikwangua tabaka baada ya tabaka. Ghafla anapiga ukelele.

Chini ya rangi kuna skrubu ndogo kama punje ya hindi. Ni kitundu cha kutolea hewa, na kwa misimu hii mitatu rangi imekiziba kabisa. Hewa ya nyumba zote nne ilikuwa ikipanda mpaka hapa, ikikuta mlango umefungwa, inakaa. Maji yakashindwa kuzunguka.

Bibi Leokadia anajishika mdomo. "Yesu na Maria! Ina maana niliyewagandisha watu ni mimi?"

"Si wewe, mama. Ni brashi."

Sasa Bogusława anaogopa, wala hafichi. Skrubu ni kuukuu. "Ikikatika, nimekwisha," anasema. Anatia mafuta, anasubiri, anaizungusha kidogo mno. Inagoma. Anajaribu tena.

Fssss! Hewa inatoka kwa fujo. Dakika nne nzima. Kisha maji meusi yanarukia ndoo, yakifuatwa na maji safi. Bomba linakoroma, na chuma kinaanza kupata uvuguvugu.

Ngo! Ngo! Ngo! Mtu anagonga bomba huko chini. Kwa kawaida jirani akigonga bomba, anakukaripia kwa sababu ya kelele zako. Lakini Witold anapayuka, "Joto! Ni joto, jamani!" Nyumba ya pili nayo inagonga, kisha ya tatu, jengo zima linalia kama kengele. Bogusława ameegemeza shavu lake kwenye rejeta, machozi yanamtoka, anacheka.

Ijumaa jioni, mikono 41 inataka rejeta za chuma zibaki, sita inapinga. Bogusława anakabidhiwa majengo yote kumi na moja ya chama, na tayari ana mpango: kila mwenye nyumba afundishwe kutoa hewa mwenyewe, na wanawake wanaotaka ufundi wafuatane naye kazini. Wanne wameshaandika majina.

Mwenyekiti anamuuliza kama miaka yake mitatu itatosha.

"Jana nilikuwa naiomba hiyo mitatu," anajibu, akiokota mkoba wake wa spana. "Leo nipeni kumi."