Bunduki ya Wenzo Nyumba ya Pili

Mwaka jana nilirudi Walthamstow, kule ng'ambo nilikokulia, na kiburi changu chote. Mimi ndiye mwenye karakana kubwa kuliko zote mtaani kwetu Morogoro. Stashahada ya uhandisi mitambo nimeitundika ukutani, na sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili. Lakini niliposimama mbele ya nyumba tuliyopanga miaka ya tisini, nilitazama kwanza nyumba ya pili. Ile ya jirani, iliyoshikana na yetu ukuta kwa ukuta, imekatwakatwa kuwa flati.

Wewe uliyekulia huko utaikumbuka harufu ile: maharage ya mama jikoni, nguo mbichi juu ya hita, madirisha yakitoka jasho. Kila Jumamosi, nikimaliza kuosha vyombo, mzee jirani, Mzungu, aligonga ukuta. Maana yake chai iko tayari na bunduki yake ya pambo imeshushwa ukutani.

Ilikuwa ya Kimarekani, ya mtindo ulioanza karne ya kumi na tisa. Ilikwisha kuuliwa kisheria: mtutu umezibwa kwa chuma, haifyatui hata karanga. Ila wenzo wake, ule mkono wa chuma chini ya kifyatulio, ulicheza bado. Ukiusukuma chini, ganda tupu linaruka na nyundo inavutwa nyuma. Ukiurudisha, risasi nyingine inapanda na kuingia. Risasi zililala kwenye mrija chini ya mtutu, pua kwa kisogo, kama sisi kwenye foleni ya uhamiaji. Ndiyo maana ncha zake zilifanywa bapa. Yenye ncha kali ingeweza kumchoma mwenzake wa mbele kisogoni na kumlipua. Za mzee zilikuwa za mbao.

"Usiulazimishe, binti," aliniambia. "Chuma kikikataa, kina sababu."

Nilipomsimulia baba, alicheka. "Gobore la babu yako, ukipiga risasi moja unachemsha chai ndipo upige ya pili. Na mnyama anakusubiri!"

Kicheko kilikwisha siku mzee aliponipa bunduki ile, pamoja na cheti chake, niifungue na kuifunga mpaka niielewe.

"Makaratasi yetu ya ukaazi hayajatoka, na wewe unaniletea bunduki?" baba alifoka.

"It's legal, Dad," nilimjibu nikimwonyesha cheti.

"Legal kwa nani?" mama alidakia. "Kwa Mzungu. Sisi wataturudisha."

Baba aliiviringisha kwenye kitenge cha mama, akapanda nayo basi hadi kituo cha polisi, mimi nyuma nikilia. Mzee alituona tukitoka, alikuwa dirishani.

Askari alisoma cheti, akasema ni pambo tu, turudi nalo nyumbani. Baba akaisukuma tena juu ya kaunta. "Please, you keep." Kisha akamshukuru, tena na tena, kama mtu aliyesamehewa.

Jumamosi iliyofuata niliosha vyombo polepole, nikisikiliza. Ukuta ulinyamaza. Haukugongwa tena kamwe, na baadaye mzee alihamishiwa nyumba ya wazee.

Makaratasi yalitoka baadaye. Hakuna afisa aliyeuliza habari za bunduki.

Leo, tukiwa tumerudi Morogoro, baba huwaambia wageni karakanani kwamba mikono hii nimeirithi kwake. Mimi nabonyeza wenzo wa pampu niliyoiunda mwenyewe, maji yanatoka, wanapiga makofi.

Kabla sijaondoka Walthamstow, niligonga ukuta ule kwa nje. Akachungulia kijana mmoja, akaniuliza natafuta flati namba ngapi.